Miaka mitatu na jiko la kuni la chuma Njombe: muwati, mlingoti na kuni mbichi zilizonitesa

Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto, kwa hiyo nilipohamishiwa Njombe kikazi mwaka 2021 baridi ya mwezi wa sita ilinikuta sina hata sweta la maana. Nyumba tuliyopanga ina sakafu ya sementi, asubuhi ukiikanyaga pekupeku baridi inakupanda mpaka magotini, na kama majirani wengi nikaanza kuingiza jiko la mkaa sebuleni kila jioni, tunafunga mlango, tunafunga madirisha, tunaota moto. Usiku mmoja mtoto wangu wa pili akalalamika kichwa, afu akatapika, na mimi kusimama nimwangalie naona miguu haina nguvu kabisa. Baba watoto ndo aliyefungua mlango akatutoa wote nje kwenye umande, tukakaa kule kama nusu saa ndo tukaanza kurudi sawa. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haionekani wala hainuki, na mkaa uliokolea vizuri usio na moshi hata chembe bado unaitoa, kwa hiyo mtu anajiona yuko salama wakati hayuko. Tangu siku ile mkaa haujaingia ndani kwangu, na ndo sababu ya kutafuta jiko la kuni lenye bomba.

Alinitengenezea fundi wa kuchomelea wa hapa mjini. Ni boksi la chuma cha milimita 4, ndani limezungushiwa tofali za kuchoma, mlango wa mbele una kijidirisha cha hewa cha kusukuma kushoto na kulia, juu ni bapa unabandika sufuria mbili, na bomba la inchi 5 linapanda moja kwa moja mpaka juu ya paa. Laki nne na nusu, pamoja na bomba na kufunga. Liko kama nusu mita kutoka ukutani, na pale bomba linapopita kwenye dari tulikata mbao tukaacha nafasi pande zote na kuzungushia bati, hapo jamani msikubali mtu awaambie hamna haja, mbao iliyokaa karibu na bomba la moto inakauka mwaka hadi mwaka mpaka siku inashika yenyewe. Jiko nalipenda. Kasoro yake ni moja tu, mlango hauzibi sawasawa upande wa bawaba, kwa hiyo hata ukifunga hewa yote moto bado unavuta kidogo.

Ila mwaka wa kwanza nusura niliuze, na kosa halikuwa la jiko.

Nilinunua kirikuu nzima, kile kigari kidogo cha mizigo, ya milingoti, yaani mikaratusi kama wanavyoita kwingine, muuzaji akaniapia ni kavu kabisa. Kwa nje kweli zilikuwa na rangi ya kijivu na nyufa. Nikiweka jikoni zinawaka shingo upande, moto wa njano umelala chini, kioo cha dirisha la sebuleni kinatoa jasho lakini chumba hakipati joto, na ukiangalia ncha ya gogo unaona povu jeupe linatoka linachemka na kijisauti cha ssss kama chai inayotaka kufurika. Mzee jirani alikuja jioni moja kutusalimia, nikamwamkia shikamoo, akaitika, hata hajakaa vizuri akageuza kichwa upande wa jiko akasema, "Mwanangu, kuni zako zinalia. Hizo hazijafa bado." Akatoa vipande viwili kwenye kapu akavigonganisha, sauti ikawa bu, bu, nzito, kama unagonga ndizi mbichi. Akatoka akaenda kwake akarudi na vipande vyake viwili vya muwati, akagonga, ko! ko! sauti ya juu kama ya sahani. Akaniambia kuni kavu inaimba. Tangu hapo sinunui kuni bila kugonga, na nikitilia shaka naomba shoka napasua gogo moja pale pale, naweka upande wa ndani shavuni, ubaridi wa maji unausikia hapo hapo.

Zile kuni mbichi niliziunguza msimu mzima kwa sababu hela ilishaenda, na usiku nilikuwa nabana hewa ili moto ulale. Mwezi wa nane kukaanza kudondoka matone meusi kwenye maungio ya bomba, yananata kama lami, harufu kali ya kuchoma macho. Tulipolishusha bomba ndani limejaa ukoko mweusi unaong'aa, nafasi iliyobaki mkono wa mtoto ndo unapita. Ile ni moshi ulioganda, mvuke wa maji na moshi usioungua vizuri vinapanda, vinakuta bomba la baridi, vinashika ukutani, na siku ukiwasha moto mkubwa ukoko wenyewe unawaka ndani ya bomba. Nililia siku ile kusema kweli, nikifikiria tumelala chini yake miezi yote ile.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nikafanya mambo kwa utaratibu. Mwezi wa tano, mvua zikiisha, nilinunua magogo mabichi ya miti tofauti nikijua ni mabichi, tukachanja wenyewe, na nikachukua kipande kimoja cha kila aina nikaandika kwa chaki nikapima kwenye mizani ya dukani kila mwisho wa mwezi. Kipande cha mlingoti kilianza kilo 3, kikashuka mpaka kama kilo 1.9 ndo kikaacha kupungua. Cha muwati kilo 3 kikaishia 2.1. Yaani mti mbichi kama theluthi moja ya uzito wake ni maji yanayotoka ukikauka, na ukiutia jikoni hivyo hivyo moto unaanza kwanza kuchemsha hayo maji ndo ukufikirie wewe. Na kingine nilichojifunza, kilo moja ya kuni kavu ni karibu sawa na kilo nyingine yoyote kwa joto, iwe ya mti gani, tofauti ni kwamba mti mzito kipande kile kile kina kilo nyingi, kwa hiyo unakaa muda mrefu bila kuamka kuongeza.

Muwati ndo mfalme kwangu. Huu mti asili yake Australia, hapa Njombe uko kila mahali kwa sababu ulipandwa kwa ajili ya magome yake yanayosindika ngozi, kampuni ya miwati ilianza mwaka 1949, na mti ukishachunwa magome gogo ndo linakuja kwetu. Tena lililochunwa linakauka haraka zaidi, miezi sita ya kivulini penye upepo linakuwa tayari. Vipande vitatu vinene saa nne usiku, nikisubiri vishike vizuri ndo nabana hewa kidogo, saa kumi na moja alfajiri nikichokoa majivu nakuta makaa mekundu mazima, natupia vibanzi viwili moto unarudi bila kiberiti. Maji ya kuoga watoto nayakuta ya vuguvugu juu ya jiko.

Mlingoti sio mbaya kama nilivyouchukia mwanzo. Mkavu una moto mkali sana, ukitaka chumba kipate joto haraka au maharage yaive ndo wenyewe, ila unataka karibu mwaka mzima kukauka, na lazima uchanje ukiwa mbichi, nyuzi zake zimesokotana, ukiuacha ukauke mzima shoka linadunda. Unarusha cheche pia, mlango ufungwe muda wote. Sifa yake kubwa ni kwamba ukiukata kisiki kinachipua tena, kwa hiyo mwenye shamba hahitaji kupanda upya, muwati haufanyi hivyo vizuri, unategemea mbegu zake.

Parachichi nilipewa bure, jirani alikata mti wa kienyeji apande aina ya kisasa, Hass. Inachanjika kama siagi na inakauka upesi, lakini ni nyepesi, inawaka inaisha, nzuri kwa chai ya asubuhi tu. Msindano nautumia wa kuwashia. Watu wanasema utomvu wake ndo unaziba bomba, mi bomba langu halikuzibwa na msindano, lilizibwa na mlingoti mbichi na hewa iliyobanwa. Ila kulalia msindano huwezi, saa moja umebaki majivu.

Na kuna mpeasi. Mzee yule yule alikata mpeasi wake uliozeeka akanigawia magogo kumi, mti mgumu wenye nyuzi laini, mzito mkononi, moto wake umetulia na nyumba nzima inanukia utamu fulani. Nimebakiza mawili, nayaweka kwa ajili ya siku wageni wa Tanga wakija.

Saivi nina safu mbili nyuma ya nyumba, zimeinuliwa na vipande vya matofali zisiguse ardhi, bati juu tu, pembeni wazi upepo upite, maana nilishawahi kufunika na turubai mpaka chini zikaota ukungu. Safu ya kushoto ni ya mwaka huu, ya kulia ya mwakani, mwezi wa kuchanja nimeandika kwa chaki kwenye gogo la mwisho. Bomba tunalishusha mara mbili kwa msimu, linatoka masizi makavu ya unga tu, unakung'uta kwa brashi limekwisha. Majivu nayatoa kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, yanakaa nje siku mbili mpaka yapoe kabisa ndo naenda kumwaga kwenye bustani ya sukuma wiki. Kilichobaki ni ule mlango, fundi ameahidi kuja kunyoosha bawaba kabla ya mwezi wa sita, na nimemwambia aje jioni, moto ukiwa unawaka, aone mwenyewe pale unapovuta.