JASP kwa mwanafunzi wa saikolojia: inafaa, ila chunga kitufe cha tiki

Ukisoma saikolojia shahada ya kwanza, takwimu huikwepi: utaikuta kwenye ripoti za maabara, na utaikuta tena kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho. JASP ni programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa ajili ya kazi hiyohiyo, na kwa kiwango hicho inatosha. Ina jaribio la t (kulinganisha wastani wa makundi mawili), ANOVA (makundi matatu au zaidi), regresheni (kutabiri kitu kimoja kwa kingine), uchambuzi wa vipengele (kutafuta sifa zilizojificha nyuma ya majibu) na takwimu za Bayes (kupima uzito wa ushahidi). Inafungua CSV (faili la data la maandishi matupu) na hata mafaili ya .sav ya SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Majedwali hutoka tayari kwa mtindo wa APA (kanuni za uandishi za saikolojia), unanakili na kubandika kwenye ripoti. Kwa mwanafunzi ambaye leseni ya SPSS inamwishia katikati ya utafiti, hiyo peke yake ni sababu ya kuhama.

Matatizo huanza kwenye data, kabla ya uchambuzi wowote. Mshiriki mmoja akiandika "miaka 21" badala ya 21, safu nzima ya umri husomwa kama maandishi. Kwa hiyo angalia alama iliyo kando ya jina la kila safu: rula ni data ya kipimo, vijiti vitatu ni ya mpangilio, miduara ni ya makundi. Dodoso la alama 1 hadi 5 mara nyingi haliji na rula, lazima ubadilishe mwenyewe kwa kubofya alama hiyo.

Panapoangusha wengi zaidi ni maswali yaliyogeuzwa, yaani yanayouliza kinyume cha mengine. Tuseme dodoso la wasiwasi lina maswali 10, na la 3 na la 7 yanasema "najisikia mtulivu". Ukipima uthabiti wa dodoso (kama maswali yake yanaenda pamoja), JASP itakuonya kwamba maswali hayo yana uhusiano hasi na mengine, na inakupa sehemu ya kuyageuza. Ukiyageuza hapo, alfa ya Cronbach (kipimo cha uthabiti huo) inapanda na unapumua. Lakini kugeuza huko kunaishia kwenye uchambuzi huo tu. Data yenyewe haijaguswa. Ukijumlisha alama baadaye, jumla itakuwa mbovu na hakuna onyo litakalotokea. Dawa yake ni kubofya alama ya kujumlisha mwishoni mwa safu za data, kuunda safu mpya yenye fomula ya 6 kutoa jibu kwa kipimo cha 1 hadi 5 (kwa cha 1 hadi 7 ni 8 kutoa jibu), kisha kutumia hizo mpya kila mahali. (Alfa yenyewe itie tiki, kinachotoka bila kuombwa ni omega, kipimo kingine cha uthabiti.)

Jaribio la t la makundi mawili linakuja na Student, aina inayodhani makundi yana mtawanyiko sawa, likiwa limechaguliwa. Tia tiki Welch pia, aina isiyohitaji dhana hiyo, hasa kundi moja likiwa na watu 20 na jingine 45. Idadi zikipishana hivyo na mtawanyiko ukawa tofauti, thamani ya p ya Student (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kama kwa kweli hakuna tofauti) hupotosha. Digrii za uhuru (namba inayoandikwa pamoja na t kwenye ripoti) zenye desimali ni jambo la kawaida kwa Welch, usizikadirie kuwa namba nzima.

Upande wa Bayes ni mzuri kuliko wa programu nyingi, na menyu zake zinafanana na zile za kawaida. BF10 ni uwiano wa ushahidi; ikiwa 3, maana yake data hizi zina uwezekano mara 3 zaidi chini ya dhana mbadala (kuna tofauti) kuliko chini ya dhana sifuri (hakuna tofauti). Haimaanishi dhana yako ni kweli mara 3, ingawa ripoti nyingi huandikwa hivyo.

Lawama yetu kubwa inahusu kasi. Matokeo hubadilika papo hapo kwa kila tiki, na kishawishi cha kubofya hadi p ishuke ni kikubwa. Kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, majaribio 20 yasiyotegemeana kwa kiwango cha 0.05 (mpaka wa p) yana uwezekano wa takriban asilimia 64 wa kutoa angalau "ugunduzi" mmoja wa uongo. Andika mpango wa uchambuzi kabla ya kufungua faili.

Kusafisha data nyingi au kuunganisha mafaili kufanyie kwenye lahajedwali kwanza. Tena, faili la .jasp lililohifadhiwa kwa toleo jipya huenda lisifunguke kwenye toleo la zamani la maabara ya chuo. Kwa Windows kuna toleo la zip lisilohitaji kusakinishwa, liweke kwenye flashi pamoja na CSV yako.