Mafunjo ya Jumamosi: wanaorejesha ukingo wa Ziwa Victoria kando ya klabu, upande wa Entebbe, Uganda

Kikundi hiki cha wanaojitolea hakidai hata shilingi. Klabu hutoa njia ya kufika majini na chakula cha mchana (kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa kwa maharagwe, na maharagwe si ya kubahatisha). Wao huleta watu, mapanga na miche. Tunawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na nyota zilizopungua zimechukuliwa na mawimbi.

Upandaji wenyewe wanaujua. Mafunjo huchimbwa kutoka kinamasi cha jirani, kidogo hapa kidogo pale, pasibaki pengo. Linalotakiwa ni lile shina nene linalotambaa matopeni, likatwe vipande vya futi moja, kila kimoja kiwe na machipukizi mawili au zaidi. Mabua hukatwa yabaki kimo cha goti, kwa kuwa bua refu ni tanga: upepo ukilishika, kipande kinang'oka kabla ya mizizi kushika. Kupanda ni siku ile ile, mita moja kutoka kipande hadi kipande, kwenye tope ambalo maji yake hayapiti kifundo cha mguu. Huko juu penye udongo mkavu wanaweka misambya, miti ya asili ya huku. Mikaratusi wanaikataa hata ikiletwa bure, na wana haki.

Shida ni kilicho mbele ya mafunjo: hakuna kitu. Ufukwe huo unatazama kusini, na alasiri upepo wa ziwa huja moja kwa moja. Kila kipande kimefungwa kwenye kijiti kimoja kwa kamba ya plastiki, ambayo hulikata shina likichezacheza. Ingefaa safu mbili za mianzi iliyogongomewa, katikati yake matita ya matawi makavu, hatua chache kuelekea majini, zikae mpaka mizizi ifumane.

Halafu gugu maji. Wanaling'oa vizuri, kisha wanalirundika pale pale majini, na usiku wimbi linalirudisha juu ya machipukizi. Libebwe hadi juu, lioze huko. Klabu nayo iache kutia mbolea nyasi zake hadi ukingoni. Mvua ikinyesha, anayeshiba ni gugu hilo hilo.

Mstari wote umepandwa kwenye kina kimoja, na ziwa hili halitulii kimo kimoja. Mwaka 2020 lilipanda sana, likang'oa mimea ya kingo. Mwezi Aprili mwaka huo kisiwa cha mimea kinachoelea kiliziba mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja, nchi nzima ikakosa umeme. Ipandwe mistari mitatu, mmoja majini, mmoja pembezoni, mmoja juu kidogo.

Baadhi ya wakazi wanataka dirisha la kutazamia maji katikati ya mafunjo. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ukingo wa Ziwa Victoria, kwa hiyo ombi hilo liishie mezani. Wimbi nalo huanza kula udongo pale pale penye uwazi.

Ukienda, nenda na buti zako za mpira. Za kikundi hazitoshi, na wanaochelewa huingia pekupeku penye konokono wa kichocho. Fika saa moja asubuhi. Kufikia saa nane mchana upepo umeshaamka, na kipande kinachopandwa saa hiyo utakikuta kinaelea.