Nimeletewa maji moto shambani Tandahimba, nyota nne kati ya tano

Kuna kijana huku Tandahimba kazi yake ni kuhamisha viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, anawatoa kwenye miembe anakuja kuwaweka kwenye mikorosho yako wawinde wadudu waharibifu. Watu wanamcheka eti anauza wadudu. Wacheke tu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wameshawafanyia utafiti hao chungu kitambo, na Wachina walikuwa wanaweka ndugu wa chungu hawa kwenye michungwa karne nyingi kabla hatujajua pampu ya mgongoni.

Kazi yenyewe iko poa. Kwanza anakagua shina, akikuta wale sisimizi wenye vichwa vikubwa wanaokaa ardhini hapandikizi, hawapatani kabisa na watawafukuza wageni wote. Halafu anakata tawi na kiota chake, anatia kwenye mfuko, analitundika kwako, mti na mti anaunganisha kwa kamba wapite juu kwa juu. Kesho yake nikasimama kuwaangalia, wengine wamejipanga mstari wanavuta kingo za majani, wengine wamebeba watoto mdomoni wanawapitisha huku na huku, kumbe uzi wa kushonea unatoka kwa watoto!

Matokeo sasa. Mwaka jana machipukizi yalikuwa madoa meusi matupu halafu yanakauka, mbu wa mikorosho hao, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, msimu huu kwenye ile miti yamesimama kijani. Ila usidanganyike, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ni kuvu, chungu hawahusiki, kupuliza salfa kuko palepale. Na ukipuliza dawa ya wadudu umewaua haohao uliowalipia.

Nyota moja nimeikata maana upande mmoja alichanganya viota vya makundi mawili tofauti, aisee ilikuwa vita, asubuhi chini ya mti maiti tupu, akarudi kurekebisha bila kuongeza hela ila kwa kuchelewa mnooo. Kung'ata wanang'ata kweli, siku ya kupogolea jipake majivu mikononi. Kuokota hakuna shida, korosho inaanguka yenyewe na wao wako juu.

Ukimwita mwambie aje kabla jua halijakali, kamba aje nazo yeye (mimi alininunulisha), na mbane kuhusu kiota chenye malkia, kundi zima kwa kawaida lina malkia mmoja tu, asipokuwepo wanapungua taratibu mpaka wanaisha na hela yako imeenda.