Leza ya shingo, mazoezi ya mizani na rundo la vidonge: uzoefu wangu baada ya kuumia kichwa

Nitoe hukumu yangu mapema, asiye na muda aishie hapa: leza ilinituliza shingo, mazoezi ya mizani ya mwili ndiyo yaliyoniondolea kizunguzungu, na tiba ya kiutendaji, ile ya kusaka chanzo cha ugonjwa, ilinipa jibu moja la maana pamoja na mfuko wa vidonge ambao sehemu kubwa sikuuhitaji. Kliniki niliyokwenda inauza vyote vitatu kwa kifurushi kimoja. Jina lake naliacha, maana vifurushi vya aina hii viko vingi na maswali ya kuuliza ni yaleyale.

Nilianguka nikajigonga kisogo. Picha za kichwa zilitoka safi, hospitali wakasema ni mtikisiko wa ubongo, nikaruhusiwa. Yaliyobaki hayaonekani kwenye picha: shingo iliyokakamaa, kizunguzungu kila nikigeuka haraka, macho kuchoka baada ya kurasa chache, na uchovu usio na sababu. Ukiwa hivyo, kila anayekutazama anakuona mzima. Matokeo yake unaanza kusikiliza yeyote anayekuahidi kitu.

Nianze na leza, kwa kuwa ndiyo inayopigiwa debe zaidi. Kifaa chenyewe kina kichwa kidogo cha kushika mkononi. Mtaalamu anakigusisha kwenye ngozi, anakikandamiza kidogo, kinalia, anakiacha hapo kwa muda, kisha anahamia nukta nyingine, kuanzia chini ya fuvu akishuka kuelekea bega. Nyote wawili mmevaa miwani ya kinga, na miwani hiyo lazima iwe ya urefu wa mawimbi wa leza ile ile. Miwani ya jua haifai kitu. Mwili hausikii chochote. Kwa anayetarajia joto au msisimko, inakatisha tamaa.

Kutosikia kitu kunatokana na nguvu yake. Leza niliyotumia ni ya daraja la 3B, yaani haizidi miliwati 500. Zikizidi hapo zinaingia daraja la 4, na hizo hupasha joto, ndiyo maana anayezitumia husogeza mkono muda wote asikuunguze. Hapa sisi wenye ngozi nyeusi tuwe macho: melanini, yaani rangi ya ngozi, hunyonya mwanga, kwa hiyo ngozi nyeusi hupata joto zaidi kwa kipimo kilekile. Ukiwekewa daraja la 4, mwambie aanze chini, na ukisikia inachoma sema papo hapo. Usijikaze.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya na kuwamulika kwa leza akitaka kujua kama inaleta saratani. Saratani hakuiona, aliona manyoya ya waliomulikwa yakirudi upesi kuliko ya wenzao. Tangu hapo watafiti wameelekea kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati: mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu, wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 600 na 1100 hivi, hunyonywa na vilivyomo ndani ya seli, na kimeng'enya kinachotajwa sana ni saitokromu C oksidezi. Maelezo hayo bado yanabishaniwa. Lenye uzito kwa mgonjwa ni jambo la kipimo: kidogo mno hakifanyi kitu, na kingi mno nacho hufuta faida.

Kwa hiyo niliomba namba. Hesabu yake haihitaji shahada: nguvu mara muda. Miliwati 100 kwa sekunde 60 ni juli 6 za nishati. Nilitaka kila kikao kiandikwe kwenye kadi yangu: nanomita ngapi, miliwati ngapi, sekunde ngapi kwa kila nukta, nukta ngapi. Mtaalamu wangu aliandika bila kinyongo. Mwenzake, siku aliyomshikia zamu, alinijibu kwamba mashine imeshapangwa kiwandani. Hilo si jibu. Kama hajui anakupa juli ngapi, hajui anakupa nini.

Ushahidi upo? Kwa shingo, upo. Jarida la Lancet mwaka 2009 lilichapisha mapitio ya majaribio 16 yenye wagonjwa 820, yakaonyesha kwamba leza hafifu hupunguza maumivu ya shingo, na kwa wenye maumivu sugu nafuu iliendelea hadi wiki 22 baada ya matibabu. Nafuu yangu iliendana na hayo. Baada ya vikao vichache bega lilishuka kutoka masikioni, na niliweza kugeuza kichwa bila kugeuza kiwiliwili chote.

Kisha wakaniletea lingine: leza ya kupitisha kichwani, ati ubongo nao upate nishati. Nilikataa. Ukipiga mwanga kwenye fuvu, nywele, ngozi na mfupa hula sehemu kubwa kabla haujafika kokote. Jaribio kubwa la namna hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi, NEST-3, lililotumia nanomita 808, lilisimamishwa katikati kwa sababu halikuonyesha dalili ya kusaidia. Matokeo yalitoka 2014. Najua kiharusi na mtikisiko ni vitu viwili, na utafiti unaendelea. Lakini kulipa bei ya tiba kwa kitu kilicho kwenye majaribio, hapana. Anayefanya majaribio ndiye anayepaswa kugharamia.

Tiba ya kiutendaji ni ile inayodai kutafuta chanzo cha ugonjwa badala ya kuzima dalili. Ilipata sura yake Marekani kupitia Institute for Functional Medicine, iliyoanzishwa 1991 na Jeffrey Bland. Uzuri wake niliuona kikao cha kwanza: daktari alinisikiliza kwa muda ambao hakuna hospitali iliyowahi kunipa. Aliuliza usingizi, hedhi, dawa za zamani, hata nilivyokuwa kabla ya kuanguka. Akapima feritini, ambayo ni akiba ya chuma mwilini, ikaonekana iko chini kabisa. Hemoglobini ilikuwa ndani ya kiwango, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kabla yake. Nikapewa chuma, na uchovu ukaanza kupungua taratibu. Daktari yeyote angeweza kuagiza kipimo hicho. Huyu ndiye aliyekiagiza, na sifa yake nampa.

Baada ya hapo mambo yakazidi. Nilipendekezewa kipimo cha kingamwili za IgG eti kionyeshe vyakula "vinavyonikataa". Jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilishatamka mwaka 2008 kwamba vipimo vya aina hiyo visitumike kutafuta mzio wa chakula, maana kingamwili hizo huonyesha tu kwamba umekila. Nikasema asante, sihitaji. Vidonge navyo viliongezeka kila nilipokwenda, na viwili kati yake ndivyo vilivyonifanya niandike haya yote.

Cha kwanza kilikuwa na vitamini ya biotini kwa wingi. Biotini ya kiwango kikubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vya tezi ya thairoidi vikiwemo, na pia troponini inayotumika kutambua shambulio la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Sasa angalia: daktari huyohuyo aliyenipa biotini ndiye aliyekuwa akinipima thairoidi. Majibu yalitoka ya ajabu, na nilikaribia kuanzishiwa dawa ya tezi. Daktari wa hospitali ndiye aliyesema niache biotini kwanza, kisha nirudie. Tezi ikaonekana haina neno.

Cha pili kilikuwa na mmea wa Hypericum, ambao wengi huutumia kwa huzuni. Mmea huo huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mwanga, tena hugongana na dawa nyingi, za kuzuia mimba na warfarini ya kuzuia damu kuganda zikiwemo. Na mimi nilikuwa namulikwa! Aliyelinasa ni mtaalamu wa leza. "Dada, niambie kila unachomeza. Hata cha mitishamba, hata unachokiona si dawa." Nikamwaga mfuko mezani, akachambua kichupa kimoja kimoja, akasitisha leza siku hiyo na kwenda kubisha mlango wa chumba cha pili. Kumbe wote watatu wanakaa korido moja na faili langu hawakuwahi kulisoma pamoja. Kifurushi kinachoitwa cha pamoja kina maana pale tu wahusika wanapoongea.

Sasa utengamao wa neva, yaani yale mazoezi ya mizani, sehemu isiyo na mashine za kupendeza. Mtaalamu wake alinifungia kichwani utepe wenye kalamu ya leza, ile ya kuonyeshea ubaoni, akanikalisha sentimita 90 kutoka ukutani penye shabaha ya karatasi. Weka nukta katikati, funga macho, geuka kulia, rudi pale unapodhani ni katikati, fumbua. Ningeapa nimerudi katikati. Nukta ilikuwa imesimama nje ya shabaha kabisa. Kosa likizidi digrii 4.5, ambazo kwa umbali ule ni kama sentimita 7, shingo haileti taarifa sahihi kuhusu mahali kichwa kilipo, na ubongo unabaki kuamua kati ya shingo, macho na sikio la ndani vinavyosema mambo tofauti. Kizunguzungu changu kikapata maelezo. Kati ya leza zote za jengo lile, hiyo ya bei rahisi ndiyo iliyonifaa zaidi.

Mazoezi yalitoka hapo. Herufi moja imebandikwa ukutani usawa wa macho. Unaikazia macho huku unatikisa kichwa kushoto na kulia kwa mdundo wa metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo. Herufi ikianza kucheza, umezidisha kasi. Unaanza umekaa, kisha umesimama miguu pamoja, kisha juu ya godoro la sponji, kisha unatembea. Kwa macho kuna uzi wenye shanga tatu, ncha moja imefungwa mbele, nyingine umeishikilia puani. Ukitazama shanga ya kati kwa macho yote mawili, unaona nyuzi mbili zinazokatana palepale kwenye shanga. Jicho moja likizembea, uzi mmoja unapotea. Mwanzoni ile shanga ya karibu ilinitoa machozi.

Halafu kutembea kwa mwendo wa kupandisha mapigo ya moyo. Nilikuwa nimeambiwa nijifungie chumba chenye giza hadi dalili ziishe. Mkutano wa wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni, uliofanyika Amsterdam 2022, unasema tofauti: mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48, kisha shughuli za kupanda polepole. Dalili zikiongezeka kwa pointi zisizozidi mbili kati ya kumi, na zikatulia ndani ya saa moja, unaendelea. Kanuni hiyo ilinipa ruhusa ya kuishi.

Nilipoona nafuu nikaomba leza isitishwe kwa muda huku mazoezi yakiendelea, nijue kipi kinafanya nini. Shingo ilirudisha ukakamavu kidogo. Nukta ya ukutani iliendelea kusogea katikati, na kizunguzungu kikaendelea kupungua. Tangu hapo nimeiomba leza pale tu shingo inapokaza, na ifanywe kabla ya mazoezi ili nigeuke bila kujibana. Kliniki hawakufurahi, kwa kuwa kifurushi hakivunjwi. Kilivunjika.

Vifaa vya nyumbani nimeulizwa sana. Vingi ni taa za LED, na LED si leza, ingawa nazo zinafanyiwa utafiti. Asiye na urefu wa mawimbi na nguvu vilivyoandikwa kwenye kifaa chake, simuulizi bei. Mjamzito, mwenye uvimbe wa saratani, mwenye kifafa au anayemeza dawa zinazoifanya ngozi idhurike upesi na mwanga, kama antibiotiki ya doksisaiklini, aongee na daktari wake kwanza. Mimi sikununua, niliendelea na karatasi yenye herufi, uzi na shanga tatu.