Taa ya kusomea ya chumba cha hosteli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Vyumba vingi vya hosteli za vyuo vyetu vina kitanda cha dabodeka, meza ya kugawana, soketi moja au mbili na balbu moja katikati ya dari. Ukikaa mezani ukaipa mgongo balbu hiyo, kichwa chako kinatupa kivuli juu ya daftari. Ikifika saa tano usiku mwenzako anataka kulala, na umeme ukikatika wakati wa mitihani giza ni la wote. Kwa hiyo tumezipanga taa kwa kuangalia chumba hicho, wala si uzuri wake kwenye rafu ya duka. Taa inayofaa ofisini inaweza kuwa ya hovyo hosteli.

1. Taa ya LED ya kubana, ya waya wa USB

Haina betri ndani. Ina kibano, shingo inayopindika, kichwa chenye LED na waya wa USB wenye swichi katikati. Inakula kati ya wati 5 na 10, hivyo inawaka kwa chaja ya simu au pawabenki. Hapo ndipo inapozishinda nyingine zote: umeme ukikatika, unachomoa waya kwenye chaja, unachomeka kwenye pawabenki, unaendelea na ukurasa ule ule. Betri ikichoka baada ya mwaka au miwili, unabadilisha pawabenki na taa inabaki.

Hesabu yake ni hii. Pawabenki halisi ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) inabeba nishati ya wati-saa 37, yaani 10,000 mara voti 3.7, kisha ugawe kwa 1,000. Nishati kiasi hupotea inapopandishwa kufika voti 5, kwa hiyo chukulia unabaki na 30 hivi. Taa ya wati 5 itawaka saa sita. Tunasema "halisi" kwa sababu zipo zinazoandikwa mAh 50,000 na hazizidi simu kwa ukubwa wala uzito. Hizo usizipigie hesabu kabisa.

Kibano ndicho sehemu inayoharibika kwanza, basi kikague kuliko kitu kingine. Pima unene wa ubao wa meza yako kabla ya kwenda dukani. Mbao za meza za chuo mara nyingi ni mm 18 hadi 25. Ukitaka kubana kwenye bomba la kitanda, chagua kibano chenye raba na chenye mkato wa duara, maana kibano bapa huteleza kwenye bomba. Cha skrubu kinadumu kuliko cha springi.

Taa hii ina kasoro tatu za kuzijua. Waya mwembamba wa mita mbili hupoteza voti njiani na taa ikafifia; jaribu kwa waya utakaoutumia. Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaochukuliwa ni mdogo mno, kwa hiyo ukipunguza mwanga hadi mwisho taa inaweza kuzimika yenyewe baada ya nusu dakika. Huo si ubovu wa taa, ongeza mwanga kidogo. Ya tatu ni mwanga unaopepesa, na kipimo chake tumekiweka chini.

2. Taa ya kuchaji yenye betri ya lithiamu

Hii ina kitako na betri yake ndani. Inafaa kama huna pawabenki, au kama meza yako ni ya kuhamahama. Nyingi hutumia betri ya 18650, yaani yenye kipenyo cha mm 18 na urefu wa mm 65. Betri nzuri ya umbo hilo hubeba mAh 3,500 hivi, kwa hiyo ukiona imeandikwa 9,900, hiyo ni feki. Za bei ya kawaida hubeba 1,200 hadi 2,000. Ya mAh 2,000 ina wati-saa 7.4, taa ya wati 3 itakula zote kwa muda usiofika saa mbili na nusu. Muuzaji akikuambia inakesha, muulize ni kwa mwanga wa ngazi gani. Ngazi ya chini kabisa hukesha kweli, ila husomi chochote.

Nunua ile ambayo betri yake inafunguliwa kwa skrubu, ili ikifa fundi aweke nyingine. Nyingine zina tundu la Type-C lakini hazipokei chaji kwa waya wa Type-C pande zote mbili, kwa sababu kiwanda kimeacha vipingamizi viwili vidogo kwenye tundu. Usikimbilie kuirudisha: tumia waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja.

3. Taa ya mezani ya balbu

Ni ile ya zamani, yenye mkono wa chuma na kofia. Mwanga wake ndio bora kuliko zote, kwa sababu balbu ya LED ya wati 7 yenye kifuniko cheupe hutawanya mwanga vizuri, na ikiungua unanunua nyingine duka lolote. Angalia tu kama ni ya skrubu (E27) au ya kubonyeza na kuzungusha (B22). Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu ya umeme kukatika na soketi kuwa chache. Unaweza kuiwekea balbu ya kuchaji, ile inayoendelea kuwaka umeme ukiondoka. Hiyo ni nzito, basi shingo lazima iwe imara, na usiifungie kwenye kofia finyu: joto linaua betri yake.

4. Taa ya sola

Taa za Sun King na d.light ni imara na zinastahili sifa. Tatizo ni chumba. Paneli ikiwekwa ndani ya kioo cha dirisha lisilopata jua la moja kwa moja haishibishi betri, na ukiianika nje unaacha mali yako mikononi mwa wapita njia. Kwa aliyepanga nyumba mtaani yenye ua unaofungwa, tungeipandisha hadi ya pili.

5. Taa ya kuchaji ya betri ya asidi na risasi

Ni ile nyepesi kwa bei lakini nzito mkononi, yenye plagi ya pini mbili inayochomoza mgongoni. Iache. Betri yake ya voti 4 ikikaa bila chaji likizo nzima, haiamki tena. Zaidi ya hapo, nyingi hazina transfoma ndani: umeme wa voti 230 hupunguzwa kwa kapasita tu, kwa hiyo kifuniko kikipasuka huku inachaji, unachogusa ni umeme wa ukutani.

Vipimo vya kufanya dukani

Kariakoo au kwingine, omba iwashwe. Dakika kumi zinatosha.

Fungua kamera ya simu, weka kwenye video ya mwendo wa polepole, elekeza kwenye mwanga. Ukiona mistari myeusi inayotembea au mwanga unaruka-ruka, taa inapepesa. Jicho halioni, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa. Rudia kwa ngazi ya chini ya mwanga, kwani taa nyingi za USB hupepesa hapo tu.

Simamisha penseli juu ya karatasi nyeupe. Kivuli kimoja laini ni sawa. Vivuli vitano au sita vilivyopangana vinamaanisha LED ziko wazi bila kifuniko cha kutawanya mwanga, na kuandika chini yake kunachosha. Kisha pinda shingo upande, iache dakika tano. Ikiinama yenyewe dukani, hosteli itakulalia daftarini. Mwisho gusa kichwa cha taa: kuwa na vuguvugu ni kawaida, ila kikiunguza kidole LED hazitadumu.

Kwenye boksi tafuta lumeni 300 hadi 500, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Kipimo kinachotumika Ulaya kwa kazi ya kusoma na kuandika ofisini ni luksi 500 mezani (luksi hupima mwanga unaofika juu ya meza), na taa ya lumeni 400 ikiwa sm 40 juu ya karatasi inakufikisha hapo. Ukiipandisha hadi sm 80, mwanga unabaki robo. Ndiyo sababu shingo ndefu kupita kiasi si faida. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na 4000 zinafaa kusomea. Za 6500 ni nyeupe ya buluu, humsumbua anayelala karibu. Ukipata yenye kubadilika, shusha hadi 3000 usiku wa manane. Anayesoma usanifu majengo au sanaa atafute Ra 90 (Ra, au CRI, huonyesha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi), wengine 80 inatosha.

Plagi

Soketi zetu ni za pini tatu za mraba. Plagi ya pini mbili isiingizwe kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu, kama wengi wanavyofanya. Pini hazikazi, cheche zinaruka ndani, soketi inayeyuka taratibu. Nunua adapta yenye fyuzi, au tumia chaja ya simu yenye pini tatu.

Ukishafika chumbani

Anayeandika kwa mkono wa kulia aweke taa kushoto, wa kushoto aiweke kulia, ili mkono usitupe kivuli kwenye mstari unaoandikwa. Kichwa cha taa kiwe chini ya usawa wa macho yako, usione LED zenyewe ukiwa umekaa, na kielekee mbali na kitanda cha mwenzako. Usisome gizani ukiwa na taa hiyo peke yake kama kuna namna. Taa ndogo nyingine ikimulika ukutani hupunguzia macho kazi ya kuhama kati ya karatasi nyeupe na giza. Na chuo kikifungwa, taa ya lithiamu usiiache tupu wala imejaa: ichaji hadi nusu, izime kwa swichi yake, iweke mbali na bati na dirisha lenye jua.