Kisanduku chetu kilijaa plasta: uzoefu wangu na vifaa vya kuzuia damu

Karakana yetu ya vyuma ilikuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza tangu siku nilipoajiriwa. Chekundu, kimepigiliwa ukutani, na kila aliyekuja kukagua alikitazama akaridhika. Siku diski ya grainda ilipopasuka na kipande chake kumchana fundi mwenzangu upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kiwiko, ndipo nilipokifungua nikiwa na shida ya kweli. Nikakuta plasta, pamba, chupa ya spiriti, kimkasi na pini. Damu inaruka kwa mapigo, nyekundu ya kung'aa, nami nimeshika pakiti ya plasta.

Aliyemwokoa ni mzee wetu wa karakana. Alivua shati, akalikunja, akalikandamiza juu ya jeraha kwa viganja vyote viwili na uzito wa mwili wake, asiachie mpaka tulipofika kwa wauguzi. "Usifunue, kijana," alinikemea nilipotaka kuchungulia. "Ukifunua tunaanza upya." Mwenzetu yupo hai na anachomelea mpaka leo, ingawa vidole viwili vimebaki na ganzi.

Wiki ile ile nikaanza kununua vifaa. Miaka mitatu imepita, nimenunua vizuri na vibovu, nimefanyia mazoezi vyote, na kimoja nimekitumia kwa mtu. Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijawasha injini. Kwa hiyo kila ninachotia mkobani nakiuliza swali moja: kitafanya nini katika dakika tatu za kwanza? Spiriti haina jibu.

Nianze na mkanda wa kubana, ule ambao wahudumu wa dharura huuita tonikei: unafungwa mkononi au mguuni, kisha unakazwa kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikome. Wa kwanza niliuagiza kwa bei ya chini, na kwa macho ulikuwa CAT halisi, aina ya mkanda huo inayojulikana sana: umbo lile lile, maandishi yale yale, hata kile kitambaa cheupe cha kuandikia saa. Mara ya tatu ninaufanyia mazoezi pajani mwangu, kijiti cha kuzungushia kilipinda, kisha kikakatika kabla mzunguko wa pili haujatimia. Muuzaji akanijibu kwamba nimezungusha kwa nguvu mno. Jibu lile liliniuma kuliko hasara, maana mkanda huo hauna kazi nyingine ila kuzungushwa kwa nguvu. Kama ningekuwa nimeuhifadhi tu bila kuujaribu, ungekatikia kwenye paja la mtu anayevuja damu.

Baada ya hapo nilinunua CAT ya kizazi cha 7 kutoka kwa msambazaji anayetambuliwa na watengenezaji wenyewe. Nilinunua miwili, na wa tatu wa rangi ya buluu kwa mazoezi. Wa buluu hauingii mkobani kamwe, kwa sababu mkanda unaokazwa na kulegezwa mara kwa mara huchoka. Ile ya kazi niliitoa kwenye nailoni yake, nikaikunja tayari kuvutwa. Kuhangaika na nailoni ukiwa na vidole vyenye damu ni kupoteza dakika ambayo majeruhi hana.

Kosa nililolirudia wiki nzima lilikuwa kukimbilia kijiti. Mkanda wenyewe unatakiwa uvutwe kwanza mpaka usiweze kupenyeza ncha za vidole vitatu chini yake. Ukiuacha umelegea, utazungusha kijiti mpaka uchoke na damu bado inapita. Ukiuvuta sawasawa, mizunguko kama mitatu inatosha. Unafungwa kama sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe, na ukifunga mmoja damu isikome, unaongeza wa pili kando yake, upande wa juu. Kisha unaandika saa uliyoufunga. Unauma sana. Nilipojifunga mwenyewe nilitaka kuufungua ndani ya nusu dakika, na sasa najua majeruhi akipiga kelele si dalili kwamba nimekosea.

Wengi bado wanaamini kwamba ukifunga mkanda, mguu umekwenda. Hofu hiyo nilikuwa nayo mimi pia. Lakini madaktari wa upasuaji huzuia damu ya mkono au mguu kwa saa nzima na zaidi wakiwa kazini, na kwa kawaida saa 2 ndizo huhesabiwa kuwa mpaka wa usalama. Daktari wa jeshi la Marekani, John Kragh, na wenzake walifuatilia majeruhi katika hospitali moja mjini Baghdad mwaka 2006. Waliofungwa kabla hawajaishiwa nguvu kwa kupoteza damu, 90 kati ya 100 walipona. Waliofungwa baada ya hapo, 10 kati ya 100. Wala hapakuwa na kiungo kilichopotea kwa sababu ya mkanda. Niliposoma hayo niliacha kuuita mkanda huu kimbilio la mwisho. Kama damu inaruka kutoka mkononi au mguuni, natoa mkanda.

Kinena, kwapa na bega havifungiki. Huko ndiko shashi inakofanya kazi, na hapa ndipo nina neno la kumwambia anayetaka kununua ile ya dawa. Ninayo moja ya QuikClot yenye kaolini, udongo mweupe unaochochea damu igande, na nimewahi kushika ya Celox, yenye kitosani inayotokana na magamba ya kamba wa baharini. Zote mbili unashindilia ndani ya jeraha mpaka chini, kisha unakandamiza kwa dakika 3. Ni nzuri. Ila dawa haishindilii yenyewe. Nilikata tundu refu kwenye kipande cha sponji ya godoro, nikajizoesha kusukuma shashi kwa kidole kimoja huku kingine kikishikilia iliyotangulia, na mara kumi za mwanzo niliacha uwazi chini kabisa, pale pale mshipa unapovujia. Kwa hiyo, kama fedha ni za kitu kimoja tu, nunua mkanda halisi na rundo la shashi ya kawaida, ujifunze kushindilia na kukandamiza bila kuachia, kwa dakika kumi hivi. Shashi ya dawa ije baadaye, na ukumbuke kwamba ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Tumboni na kifuani usishindilie kitu.

Bendeji ya mgandamizo, ile ya Israeli yenye kishikio cha plastiki kinachokuwezesha kugeuza mwelekeo na kuikaza, ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Ndiyo pia niliyoitumia kwa mtu. Bati lilimteleza kijana mmoja likampasua kwenye shavu la mguu, damu nyingi ila ya kutiririka, si ya kuruka. Nilivaa glavu, nikakata suruali kwa mkasi mzito wa waokoaji, nikakandamiza, nikafunga. Mkanda niliuweka wazi sakafuni karibu na mkono wangu wa kulia na haukuhitajika. Tatizo la bendeji lilikuwa mfuko wake: una mikato ya kuchania pembeni, lakini glavu ikilowa inateleza, nikaishia kuuchana kwa meno. Tangu siku hiyo nimeibandikia mifuko yote vipande vya utepe mkavu vya kushika na kuvuta.

Tulimfunika kwa blanketi la foili, ingawa jua lilikuwa kali na vijana walishangaa. Mwili uliopoteza damu hupoa upesi, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Blanketi hilo ni jepesi sana, na mikoba mingi ya kununua iliyo tayari haina.

Kisanduku chekundu bado kipo ukutani kwa ajili ya mikwaruzo. Mkoba wa vifaa vya kuzuia damu unaning'inia mlangoni, hatua nne kutoka kwenye grainda, hauna kufuli, na kila Jumatatu asubuhi mtu mmoja wa karakana hufumba macho, akauchukua mkanda wa buluu na kujifunga kwa mkono mmoja. Mzee wetu alichukua sekunde 25 Jumatatu iliyopita. Mimi bado niko kwenye 31.