Mzani, lenzi na albamu ya sarafu: uzoefu wangu nikikusanya sarafu za zamani Mtwara

Seti niliyonunua ina vitu vitano: mzani mdogo wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara kumi, kalipa ya plastiki ya kupimia upana na unene, fremu za karatasi ngumu zenye kidirisha cha plastiki, na albamu ya kurasa laini. Niliagiza kwa muuzaji wa Kariakoo, mzigo ukaja na basi hadi stendi ya hapa mjini. Pamoja na nauli ya kifurushi ilinigharimu elfu 85. Nimeitumia msimu mzima wa korosho na masika yaliyofuata, kwenye nyumba ya Shangani ambako upepo wa bahari unaingia ndani mchana na usiku, kwa hiyo vitu hivi vimejaribiwa kweli. Kwa kifupi: mzani na lenzi vina thamani kuliko bei yake, kalipa inatosha, fremu ni nzuri kwa masharti, na kwenye albamu usiweke sarafu hata moja.

Mkusanyaji wa kusini hakosi sarafu. Anachokosa ni namna ya kuzihakiki. Wajerumani walijenga boma lao Mikindani mwaka 1895, Lindi na Kilwa nako wakawa na maboma, na kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898 mtu wa kijijini akalazimika kuitafuta rupia apende asipende. Baada ya Vita ya Kwanza, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na kuanzia 1921 shilingi ikashika nafasi ya rupia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaja mradi wa karanga wa Nachingwea, ukaja na reli na bandari yetu ya Mtwara, na vibarua wakawa wanapokea shilingi na senti za Mfalme George wa Sita. Ndiyo maana msimu wa korosho ukifika, watu wakianza kushuka mjini kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, mikebe ya sarafu za mababu nayo inashuka. Na humo ndani halisi na bandia vimelala pamoja.

Nianze na mzani, maana ndio ulionifaa zaidi. Rupia moja ya fedha ya Mjerumani ilipotoka kiwandani ilikuwa na gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni asilimia 91.7. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92. Ukizijua namba hizi tatu, umeshajiokoa na hasara nyingi. Sarafu iliyotembea mikononi miaka na miaka hupungua kidogo, kwa hiyo nikiona 11.5 au hata 11.4 kwenye iliyochakaa sana, sishtuki.

Kijana mmoja kutoka Newala aliniletea rupia ya mwaka 1905, nyeusi, imefungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Kaka, hii babu aliichimbia chini ya mkorosho, haijawahi kuuzwa." Nilizima feni, nikasubiri mzani utulie, nikaiweka. Ikasoma 9.37. Nikaitoa, nikaupima mzani wenyewe kwa jiwe la gramu 100 lililokuja nao, ukasoma 100.00. Nikairudisha, 9.37 tena. Chini ya lenzi, uwanja wa sarafu ulikuwa na vichunusi vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, na ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba unaozunguka, alama ya vipande viwili vya kalibu vilivyokutana. Sarafu halisi ya Berlin au Hamburg ilipigwa kwa mhuri, haikumiminwa. Nilimwonyesha kijana kila kitu, akaangalia mwenyewe kwenye lenzi, akanyamaza kidogo kisha akasema atamrudia aliyempa. Siamini kama alikuwa anajua.

Hapo nimetaja feni makusudi. Mzani wa aina hii unasikia hata pumzi yako. Kwa joto la hapa kila mtu anakaa na feni, na ikiwaka namba ya mwisho haitulii. Zima feni, weka mzani juu ya sakafu au meza nzito, ndipo uamini kinachosomeka. Betri zake ni ndogo za kawaida, zinapatikana kila duka.

Mzani una mipaka yake, na hili muuzaji hakuambii. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba amesimama mbele ya milima, ilikuwa na fedha asilimia 25 hadi mwaka 1946. Kuanzia 1948 fedha ikaondolewa kabisa ikabaki shaba na nikeli, ila ukubwa haukubadilika, na uzito ukabaki karibu uleule. Mzani hautakusaidia kuzitenganisha. Soma mwaka. Na kama mwaka umefutika, soma maandishi ya pembeni ya kichwa: zile za fedha zina cheo cha mfalme kuwa mtawala wa India, za 1948 hazina, kwa sababu India ilikuwa imeshajitawala mwaka 1947. Wauzaji wengi wa huku wanaziita zote "za fedha" na wanazidai bei moja.

Vilevile zile za Tabora. Mwaka 1916, meli za Uingereza zikiwa zimefunga bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli: heller (senti za rupia ya Mjerumani) 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Za heller 20 zilipigwa kwa haraka na kwa vifaa hafifu, uzito wake unapanda na kushuka hadi huwezi kuutegemea. Kwa hizo ninaangalia taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) na herufi T ya Tabora, pamoja na ule ukwaruukwaru wa kazi ya wakati wa vita. Ikija iliyonyooka na kulingana kila upande, naanza kuwa na wasiwasi.

Lenzi sasa. Mara kumi inatosha, usidanganywe na zile zinazoandikwa mara sitini, zinakuonyesha vumbi tu. Mimi naitumia hasa kupanga daraja la sarafu. Wakusanyaji duniani wanatumia kipimo cha 1 hadi 70 alichokianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Namba 1 ni sarafu iliyofutika kiasi kwamba unaijua tu ni ya wapi, na 70 haina dosari hata chini ya lenzi. Katikati kuna vituo vyenye herufi: VF (nzuri sana) ni kuanzia 20, XF (bora) kuanzia 40, AU (karibu haijatumika) kuanzia 50, na MS, yaani ambayo haijawahi kutumika sokoni, ni kuanzia 60. Sarafu nyingi za mikebe ya huku ziko chini ya VF, na hilo halipaswi kumsikitisha mtu.

Kwenye rupia ya Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, mimi naanzia juu kabisa, kwa yule tai aliyekaa kwenye kofia ya chuma. Mabawa yake ni sehemu iliyoinuka, ndiyo inayosuguliwa mapema. Nikiona manyoya ya bawa bado yanahesabika, nateremka kwenye sharubu na shavu. Shavu likiwa limelala bapa na tai amebaki umbo tu, hata kama mwaka unasomeka vizuri, hiyo haivuki VF. Halafu nainamisha sarafu polepole kwenye mwanga wa dirishani. Ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka kadiri unavyoigeuza. Iliyosafishwa inang'aa mahali pamoja tu, na lenzi inaonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja.

Hili la kusafisha linaniuma sana. Kuna wauzaji wanaosugua sarafu kwa majivu na ndimu ili zimpendeze mnunuzi. Wanaharibu. Ule utando wa rangi ya kijivu au kahawia ulichukua miaka mia kujijenga, ndio ngozi ya sarafu, na ukishautoa haurudi. Kampuni kubwa za kupanga madaraja kama PCGS na NGC za Marekani, zilizoanza miaka ya 1980, zikiona dalili za kusuguliwa mara nyingi hazitoi namba kabisa, zinaandika tu kwamba ilisafishwa. Bei inaanguka hapohapo. Ndugu zangu wa sokoni, leteni sarafu na uchafu wake. Tutalipa zaidi.

Lenzi hiyohiyo ndiyo iliyonipatia sarafu ninayoipenda kuliko zote, na wala si ya bei kubwa. Bibi mmoja wa Mikindani alinitolea uzi wa senti za tobo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Hizi tulikuwa tunawafunga watoto kiunoni, sasa watoto wenyewe wazee." Nikawa nazipitia moja moja: George wa Tano, George wa Sita, George wa Sita, halafu senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alikaa chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936, na Uingereza kwenyewe hakuna sarafu ya jina lake iliyoingia sokoni. Kwetu ziliingia, kwa sababu senti za tobo hazina picha ya mfalme, zina jina tu, zikapigwa mapema. Nilimweleza bibi hayo yote kabla ya kutaja bei, akacheka, akasema basi nimwongezee ya sukari. Nikaongeza.

Sasa hifadhi, ambako seti hii imeniangusha nusu. Fremu za karatasi ni nzuri: kidirisha chake ni kigumu na chembamba, hakinuki, na unaandika maelezo pembeni. Tatizo ni pini za stepla. Kwa hewa ya chumvi ya hapa zilianza kutu masika yalipochanganya, na ncha zake zinaweza kukwaruza sarafu ya jirani. Mimi nazibana kwa koleo zilale bapa, na ndani ya kopo natia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikichoka nabadilisha. Safari ijayo nitanunua fremu za kujigandisha zenyewe.

Albamu ndiyo hatari. Ukiifungua tu inakupiga na harufu ya plastiki mpya, kurasa laini zinanata vidoleni. Hiyo ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake. Kwa joto na unyevu wa pwani, plastiki hiyo hutoa kemikali zinazoila shaba na kuacha ute wa kijani. Nilitaka uhakika, nikafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nje penye hewa: chukua waya wa shaba uliochunwa, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, uguse kwenye pembe ya ukurasa, kisha urudishe motoni. Moto ukageuka kijani kibichi. Klorini hiyo. Nilimpigia muuzaji, akajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika, na fedha hakurudisha. Albamu sasa ina risiti za umeme. Na mpira wa kufungia noti nao usiusogeze karibu na sarafu za fedha, una salfa, unaziacha na mistari myeusi.

Kuna sarafu moja ya kusini ambayo vifaa hivi sivitumii, na naomba tuelewane. Ni zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na maneno hayo yana vina, kama zile za Ali bin al-Hasan. Hazikuandikwa mwaka wala thamani. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 nyingine zilipatikana kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Anayeniletea namwambia azipeleke kwa watu wa mambo ya kale palepale Kilwa, na aoneshe alipoiokota, kwa maana sarafu isiyo na mwaka inasomwa kwa udongo ilimotoka. Mimi sinunui.

Je, utume sarafu yako Marekani ikapangiwe daraja? Kwa rupia ya kawaida, hapana. Gharama ya kusafirisha, bima na ada itaizidi sarafu yenyewe. Kwa rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, au rupia 2 za 1893 na 1894 ambazo ni adimu na zinaghushiwa sana, hapo ndiyo. Nyingine zote zipange mwenyewe kwa lenzi, na ukiwa kati ya madaraja mawili chagua la chini.

Usinunue seti. Nunua kimoja kimoja: mzani wa 0.01 kwa wauza vifaa vya masonara, kama elfu 30, na uhakikishe una jiwe lake. Lenzi ya mara kumi ya kioo, si ya plastiki. Fremu za kujigandisha. Kalipa ya plastiki chukua hiyohiyo ya bei ndogo, haikwaruzi sarafu kama ya chuma. Albamu usinunue mpaka muuzaji akuruhusu ukate kipande cha ukurasa ukajaribu na waya.